Ripoti ya Mwisho ya Kamati ya Kauli Moja

Kwa niaba ya Kamati ya Kudumu ya Kauli Moja, ninayo heshima ya kutangaza kwamba uchaguzi wa mwakilishi wadi katika mji wetu wa Dagah-Adde, barabara ya kwenda Ijara, ulifanyika kwa amani na ukamilifu, wiki tatu kabla ya siku ya kupiga kura.

Utaratibu wetu ni wa kuigwa. Wazee saba hukaa, hunywa chai ya maziwa, hukubaliana kuhusu mgombea, kisha husoma Fatiha. Watu huarifiwa. Siku ya kura huwa ni ya kunakili tu. Mimi ndiye katibu, kwa kuwa kati ya wazee saba ni mimi peke yangu niliyehitimu ngumbaru, tena nikiwa na miaka hamsini na miwili. Cheti changu kimetundikwa pale ambapo watu wengine hutundika saa.

Safari hii tulimkubali Mheshimiwa Abdilatif kwa kipindi cha pili. Ni kweli injini ya kisima chetu ilikufa miezi minane iliyopita, lakini Mheshimiwa aliunda jopo la kuitembelea. Jopo liliitembelea. Likathibitisha kwamba imekufa.

Mpinzani wake alikuwa Hawo, muuza maziwa ya ngamia, ambaye hakuwa na jopo. Alikuwa na mikokoteni minne ya punda, na kwa miezi yote minane ilituletea maji mlango kwa mlango. Kamati iliona hiyo si sera.

Nakiri kwamba uchambuzi wangu ulisaidiwa na kiti. Mheshimiwa aliniahidi kiti cha ofisi chenye magurudumu, kinachozunguka, iwapo kituo chetu kingempa kura zote 318. Tangu enzi za ngumbaru, nilipokaa kwenye dawati la watoto magoti yakigusa kidevu, nimekitamani kiti cha namna hiyo.

Niliandaa matokeo mapema ili kuwapunguzia wasimamizi kazi: Abdilatif 318, Hawo 0. Nikamsomea mke wangu, Maka, alipokuwa akikamua mbuzi.

"Na sisi wanawake mmetuweka wapi hapo?"

"Kwenye jumla."

"Haye," akasema, akaendelea kukamua.

Siku ya kura walijitokeza wote. Kesho yake asubuhi, fomu ya matokeo ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa shule. Nilivaa miwani, nikaivua, nikaipangusa, nikaivaa tena. Hawo 317. Abdilatif 1. Hakuna kura iliyoharibika. Naomba izingatiwe kwamba kwenye jumla tulipatia kabisa.

Kamati ilikutana kwa dharura. Mzee Guleid, mwenyekiti wetu, akafungua kikao.

"Ile moja ni yangu."

"Yako vipi? Ni yangu," akasema Mzee Daud.

"Warya, Daud, si wewe uliyetoka kupiga kura ukicheka peke yako?"

Kila mjumbe aliidai ile kura, nami nikaidai kwa lugha rasmi. Lakini katika mji huu ambako mtu huapa wallahi hata akitaja umri wa mbuzi, siku hiyo hakuna aliyeapa. Kuhusu Fatiha, tuliafikiana kwamba dua ilikuwa ya kuomba heri, na ndani yake hakutajwa jina la mtu.

Saa tano Mheshimiwa akawasili, gari limesheheni vitu vya ofisi aliyokuwa akiihama. Juu kabisa, magurudumu yakitazama mbinguni, kilikuwa kile kiti.

"Katibu, kura zangu 318 ziko wapi?"

"Mheshimiwa, kumejitokeza mkengeuko wa kitakwimu."

"Hapa nina mtu mmoja. Mmoja tu. Aseme wallahi, achukue kiti."

Wazee saba tuliyatazama magurudumu. Mimi nilifungua mdomo. Ndipo nikakumbuka maji yangu ya udhu: miezi minane, kila alfajiri, mtungi umeshaletwa na punda wa Hawo kabla sijaamka. Hata ile kalamu ya kura, nilipobaki nayo peke yangu, ilikumbuka vivyo hivyo. Nikafunga mdomo.

"Wallahi, ni mimi," sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa Maka, mitungi miwili mkononi.

Mheshimiwa alichangamka. "Mama Hamdi, kumbe ulizipenda sera zangu?"

"Hapana. Nilijua hawa saba hawatakupigia. Sifuri ingewavua nguo hadharani. Nikawaachia moja ya kujifichia. Hawo alikuwa nazo za kutosha."

Kiti kikateremshwa. Maka akakaa, akazunguka mara moja, polepole, akamtazama kila mmoja wetu kwa zamu. Mheshimiwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinamisha macho. Mimi nilikuwa nimeshainamisha.

Injini ilitengenezwa wiki ya pili ya uongozi wa Hawo, bila jopo. Kiti sasa kiko kisimani, na Maka ndiye msimamizi wa foleni.

"Baba Hamdi, mitungi mingapi?" aliniuliza leo.

"Miwili."

"Na wewe ulimpigia nani?"

"Kura ni siri ya raia, kwa mujibu wa sheria."

"Haye. Rudi nyuma ya foleni."

Ripoti hii nimeiandikia hukohuko nyuma, nikiwa nimeketi juu ya mtungi. Hauzunguki.