Kugeuzwa Picha Ningali Hai

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Intaneti.

Ndugu Meneja,

YAH: INTANETI YENU KUNIGANDISHA MBELE YA MJUKUU WANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakufikia mapema kuliko sura yangu inavyomfikia mjukuu wangu. Nimetumia kalamu na karatasi kwa sababu malalamiko niliyokutumia kwa kompyuta bado yanazunguka. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, niliyezoea kueleza jambo moja mara nyingi kwa watu wasiosikiliza. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Nitakwenda polepole, ingawa siwezi kuwafikia ninyi kwa hilo.

Wanangu walichanga wakatununulia kompyuta mpya ya nyumbani, ili kila Jumapili mimi na mke wangu tuonane na binti yetu aliye ng'ambo, na hasa mtoto wake. Mtoto huyo tunamwita Bibi Mdogo, kwa kuwa ananuna kama mke wangu. Hajawahi kutuona ana kwa ana. Ananijua kwa kompyuta tu, na katika kompyuta mimi ni mzee aliyeganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Ukutani kwao kuna picha ya marehemu babu yake wa upande wa baba. Jumapili iliyopita Bibi Mdogo aliinyooshea kidole picha ile, kisha akaninyooshea mimi, akasema, "Picha." Halafu akabusu kioo kwa heshima zote na kwenda zake. Binti yangu amesema mambo yakiendelea hivi, bora tuache video tupigiane simu za kawaida, maana mtoto anachanganyikiwa. Jumapili hii ndiyo ya mwisho kujaribu. Sasa sikiliza.

1. Mama anayepokea simu zenu. Badala ya kunisaidia, aliniuliza, "Mzee wangu, kile kisanduku cha waifai mmekiweka wapi?" Nikamjibu: mahali salama. Akauliza tena, "Salama ndiyo wapi, baba?" Mtu nisiyemjua anataka kujua vitu vya nyumba yangu vinafichwa wapi! Nilikata simu. Wewe ni mkubwa wake, nitakueleza. Kisanduku kimevishwa kitambaa alichokifuma mke wangu mwenyewe, kikawekwa ndani ya kabati letu la chuma pamoja na vikombe vya wageni. Waya unapita kwenye kitundu cha nyuma, na mlango unafungwa kwa ufunguo. Vumbi halikioni, mwizi hakioni. Nionyeshe mteja wako mwingine anayekienzi kisanduku chenu kiasi hicho.

2. Dawa yenu moja kwa kila ugonjwa. "Zima, halafu washa." Nimezima na kuwasha hadi mke wangu akaniuliza kama nimefungua ukumbi wa disko. Nilipolalamika tena, mama yule alithubutu kusema huenda kompyuta ndiyo mbovu. Kompyuta ambayo bado ina nailoni yake ya dukani! Hata mkavu wa macho angeona haya kuisingizia.

3. Mnara wenu. Nilikwenda kuuangalia kwa miguu yangu. Kati yake na nyumba yangu mmeruhusu lisimame ghala lililoezekwa na kuzungushwa mabati. Hapa, Ndugu Meneja, naomba ukae vizuri nikufundishe. Chuma huzuia mawimbi ya redio. Chukua redio ndogo, iwashe, itie ndani ya debe la biskuti, funika. Itakohoa, kisha itanyamaza. Fungua, itaimba tena. Nililifanya jaribio hilo darasani kila mwaka kwa debe lilelile, na hata waliokuwa wakisinzia nyuma walilielewa. Je, katika kampuni nzima ya wahandisi wenye tai, hakuna hata mmoja aliyewahi kusinzia nyuma ya darasa la fizikia?

4. Upendeleo. Jirani yangu mshona nguo ana huduma yenu hiyohiyo, kifurushi hichohicho, nyuma ya ghala hilohilo. Kwake picha zinatiririka. Kisanduku chake kinaning'inia ukutani, uchi, kimejaa utando wa buibui! Kwa hiyo ninyi mnamtuza mzembe na kumwadhibu mtunzaji. Sikujua kwamba uchafu nao una kifurushi chake.

5. Hatua za mwanzo za Bibi Mdogo. Alitembea kwa mara ya kwanza mbele ya kamera, sisi tukiwa tunatazama kile kiduara kinachozunguka. Tulisikia makofi ya wazazi wake, nasi tukapiga makofi. Nilikishangilia kiduara, Ndugu Meneja. Hatua zile nazidai.

Kwa hayo yote, naomba ghala livunjwe au mnara uhamishwe kabla ya Jumapili. Ikishindikana, njoo wewe mwenyewe uketi kando yangu. Nitakapoganda, uinamie kamera umweleze mjukuu wangu kwamba babu yake yu hai, na kwamba wewe ndiye uliyemfanya hivi.

Wasalimie wahandisi, mlinzi wa getini, na yule mama wa simu. Mwambie kisanduku kilipo si shughuli yake.

Nangoja, kama mlivyonizoesha,

Mwalimu Mstaafu,
Nyumba ya geti la kijani, jirani na mshona nguo.

Tanbihi: Jumapili imewahi kufika kabla sijaipeleka barua posta. Mshona nguo na mkewe walitutembelea, na mke wangu akafungua kabati kutoa vikombe, akaliacha wazi. Wakati huo nilikuwa nimeganda kama kawaida. Ghafla Bibi Mdogo akaangusha kijiko, akapiga ukelele, akajificha nyuma ya mama yake. Kisha akachungulia. Nikapunga mkono, naye akapunga. Mke wangu akafunga kabati, nikaganda. Akafungua, nikafufuka. Alifunga na kufungua mara nyingi kuliko sayansi inavyohitaji, akinitazama. Halafu akalishusha kutoka juu ya kabati lile debe langu la biskuti, ambamo siku hizi anaweka nyuzi, akalitua mezani mbele yangu.

Ghala liacheni. Mama wa simu mpandisheni cheo. Ila mwaliko uko palepale: vikombe vya wageni sasa vinakaa nje, na Bibi Mdogo ananiita Babu.