Kamongo Aliyeoga

Jumamosi, 13 Januari

Saa tatu asubuhi. Katuni ya Joash Mirumbe imeanza leo kwenye televisheni. Nchi nzima inaitazama. Mimi nimeitazama nikiwa nimesimama mlangoni, ili isihesabiwe kwamba nimeitazama.

Joash nilisoma naye uchoraji chuoni Migori. Dawati moja. Yeye ndiye aliyekuwa akiniomba kifutio kila dakika, maana kila mstari alikosea. Leo jina lake limepita kwenye skrini mara tatu. Nimehesabu.

Katuni yenyewe inaitwa Kamongo. Ni samaki kamongo, mtoto wa kike, anaishi kwenye tope kando ya ziwa. Akipata shida anajizika topeni, anafumba macho na kusema, "Nangoja mvua." Halafu anatoka na ujanja mpya. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Na Joash ni Mkuria wa Kehancha, kwao ni ng'ombe! Mimi Cephas Oyaro, mzaliwa wa Kendu Bay, niliyekula kamongo kabla sijaota meno, ndiye ninayechora kuta za shule za nasari hapa Uriri.

Ema, binti yangu wa miaka sita, ameuliza kama ninaweza kumchora Kamongo. Nimesema ninaweza ila sitaki. Ameniangalia vile anavyomwangalia muuza dawa za panya sokoni.

Alhamisi, 8 Februari

Uriri imeharibika. Penye tope pana mtoto. Ukimtuma dukani, anangoja mvua. Ukimwambia aoshe vyombo, anangoja mvua. Jana nilimwomba chai Filister, mke wangu. Akafumba macho. Na bibi yake Filister alikufa bila kuonja kamongo, maana zamani samaki huyo alikuwa mwiko kwa wanawake. Mjukuu sasa anafua huku akiimba wimbo wake.

Joash amenipigia simu mara mbili. Sikushika. Najua anachotaka. Anataka nimpongeze. Nimeihifadhi upya namba yake kwa jina la USISHIKE.

Wivu? Mimi? Sina wivu. Nasema tu kwamba mkia wa kamongo haukunjwi vile, na mtu yeyote wa ziwani analijua hilo.

Mpango: nitaumba samaki wangu mwenyewe. Ngege Nadhifu. Ana tai, ana kitana, anasalimia wazee. Nitamchora ukutani kwa Madam Gesare, mwalimu mkuu wa nasari. Kufikia Pasaka hakuna atakayemkumbuka Kamongo.

Ijumaa, 16 Februari

Ngege Nadhifu yuko ukutani tangu jana. Mtoto mmoja amelia. Mwingine ameuliza kama huyo ni chifu. Wazazi wawili wamelalamika kwa Madam Gesare kwamba shule imeanza kubandika picha za wagombea kabla kampeni hazijafika.

Madam Gesare ameniambia kwa upole nimfute na nichore Kamongo. Nikaeleza kuhusu ubunifu. Akaeleza kwamba Rongo kuna mchoraji mwingine. Nimemfuta.

Ijumaa, 15 Machi

Nimechora Kamongo. Lakini kwa hila. Nimempa makengeza. Jicho moja linatazama ubao, lingine linatazama jikoni. Nimemwongezea na jino moja lililotokeza. Nimekaa nyuma ya tangi la maji kusubiri watoto wamcheke hadi aaibike, yeye na aliyemwumba.

Watoto wamemshangilia. Wamemkumbatia, rangi bado mbichi. Darasa zima sasa linatembea na makengeza, na mmoja amegonga mlingoti wa bendera. Madam Gesare amempiga picha Kamongo wangu na kusema atamtumia Joash, kwa sababu hajawahi kuona mwenye uhai kama huyu.

Ema amewaambia wenzake kwamba aliyechora ni babake. Alisema kwa sauti, akiwa ameshika suruali yangu. Sikujua niweke uso wangu wapi. Nilifurahi kwa dakika nzima, kisha nikakumbuka ni samaki wa nani.

Jumatano, 3 Aprili

Shule saba zinataka Kamongo mwenye makengeza. Awendo, Rongo, hadi Kendu Bay kwetu. Barabarani wananiita Baba Kamongo. Mimi! Ni kama kuitwa kwa jina la bwana mwingine nyumbani kwangu.

USISHIKE amepiga mara nne wiki hii. Nimeacha iite. Atakuwa ameona ile picha na anataka kunishtaki.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: nina wivu. Ninao tele. Nikimwona yule samaki kwenye mkoba wa mtoto navuka barabara. Huyo samaki alitakiwa awe wangu.

Mpango, na huu ni mkubwa. Nitaandikia kituo cha televisheni kama mzazi. Hapana, kama wazazi. Chama cha Wazazi Wanaojali Usafi, Kanda ya Ziwa. Wanachama kumi na wawili. Sahihi zote nimetia mwenyewe, nikibadilisha kalamu na kukaa mikao tofauti.

Hoja ni hii: Kamongo haogi. Analala topeni bila sabuni. Watoto wetu wanamwiga. Je, kituo kinataka kizazi cha matope? Huku kwetu hata mtoto wa nasari angecheka, maana kamongo bila tope ni maiti. Lakini wakubwa wa kituo wako Nairobi. Wao samaki humwona kwenye sahani.

Nimeandika kwa mwandiko wangu wa mabango, ule mzuri. Barua nzito haiandikwi ovyo.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeenda kuituma Homa Bay ili isipigwe muhuri wa Uriri. Akili.

Nje ya posta nani ananishika bega? Joash. Amenenepa kidogo. Amenikumbatia mbele ya watu, akanivuta hadi kwenye studio yake, vyumba viwili juu ya duka la nyavu. Kompyuta tatu, vijana wachoraji wanne, na ukutani, jamani, picha ya Kamongo wangu wa makengeza, imewekewa fremu. Nimejua ni ushahidi wa mahakamani.

Joash ameagiza samaki na kuon, ugali wetu wa ziwani. Amesema amenitafuta kwa simu hadi amechoka, kuna jambo kubwa anataka tuongee nikishiba. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa shati, inanichoma. Nimekula haraka, nikasema nina mgonjwa Oyugis, nikashuka ngazi mbili mbili. Nimerudi posta. Nimeituma.

Yule samaki alikuwa mtamu sana. Nalisema hilo kwa haki.

Jumamosi, 22 Juni

Msimu mpya wa Kamongo umeanza. Leo nimekaa kwenye kiti, mbele kabisa.

Barua imefanya kazi! Kamongo anaishi kwenye nyumba ya vigae. Ana soksi nyeupe. Makengeza yangu wenye kituo hawana habari nayo, na lile tope limegeuka kuwa povu. Shida ikija hajiziki tena. Anasema, "Naenda kuoga," kisha inapita dakika tatu za kusugua kwapa. Wimbo nao umebadilishwa, sasa unahusu kucha.

Ema amesimama. Ameuliza huyo ni nani. Nikamwambia ni Kamongo. Akasema hapana, kamongo akikaa kwenye vigae atakufa, na je, hawa watu hawana mama wa kuwaambia? Ametoka nje kabla ya mwisho. Nje kwa majirani nako watoto walikuwa wametoka, Jumamosi saa tatu asubuhi, kipindi hakijaisha. Jambo hilo halijaonekana hapa tangu Januari.

Nimekunywa chai vikombe viwili. Filister ameuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nikasema hali ya hewa.

Jumamosi, 6 Julai

Watoto wa Uriri wamerudia kucheza bano, zile gololi zao. Mikoba ya Kamongo inauzwa sokoni kwa bei ya kutupa, muuzaji ameigeuza ndani nje. Muuza mandazi aliyekuwa na Kamongo kwenye kibanda amempaka rangi ya kijani na kumwita mamba.

Ushindi. Kamili.

Isipokuwa shule ya Awendo imeghairi ukuta wake. Na Rongo. Na Kendu Bay. Zote saba. Wanasema watoto hawataki tena yule wa sabuni. Nimewaeleza kwamba wangu ni wa tope, wa asili. Wamesema samaki ni samaki.

Hakuna aliyeniita Baba Kamongo wiki mbili sasa. Nilidhani nitafurahi. Leo nimepita mbele ya kibanda cha mandazi polepole, mara mbili. Hakuna aliyeniita kitu chochote.

Jumapili, 25 Agosti

Jana saa tatu Ema aliwasha televisheni kuangalia tu kama Kamongo ameacha kuoga. Badala yake kulikuwa na bwana anayefundisha kupika tambi. Katuni imeondolewa. Alikaa akaitazama tambi hadi mwisho, labda Kamongo atatokea kwenye sufuria. Halafu akalia kimya kimya. Sikuwa nimekipigia hesabu kilio hicho.

Leo baada ya kanisa Joash amekuja. Nyumbani kwangu, na mkate mkononi. Amekonda. Studio ya Homa Bay imefungwa, wale vijana wanne wametawanyika. Filister akamkaribisha mezani.

Akaeleza yote bila hasira, ndiyo tabia yake mbaya. Kumbe picha ya makengeza ilimfurahisha hadi akaipeleka kituoni. Wakubwa wakacheka wakaipenda. Wakakubali msimu mpya wote uchorwe kwa mkono huo. Mchoraji mkuu: Cephas Oyaro wa Uriri. Jina langu likiwa la kwanza kwenye skrini, juu ya lake. Ndiyo sababu alikuwa akipiga simu. Ndiyo ile habari ya Homa Bay, nikishiba. Alibaki akingoja neno langu tu.

Halafu ikaja barua. Chama fulani cha wazazi. Wakubwa wakaogopa, wakahamishia kazi yote Nairobi, wakaamuru samaki aogeshwe. Joash akawaambia kamongo haogi. Wakamwuliza yeye ana wanachama wangapi.

Akaitoa barua mfukoni, kituo kilimpa. Anatembea nayo, amesema, ili siku moja akakae na wale wazazi waelewane. Akasifu mwandiko. Hasa herufi K, ina mkia mrefu unaozunguka chini kama ndoano. Amesema mtu wa mkono kama huo angempa kazi siku hiyo hiyo.

Filister akaichukua. Akaisoma. Akageuka akaangalia dirishani, ambako bango langu linaonekana wazi: CEPHAS, KUTA NA KALENDA, na kila K imeshusha mkia wake. Akaikunja barua taratibu akamrudishia Joash. Kipande cha samaki kilichokuwa kwenye sahani yangu akakihamishia kwenye sahani ya mgeni.

Nimekula ugali na mboga. Na jina langu lingekuwa juu ya lake.

Jumatatu, 2 Septemba

Madam Gesare ana darasa jipya, kuta nne tupu. Nimefika asubuhi na ngazi na brashi. Nimemkuta Joash.

Madam ameeleza kwamba Joash sasa anatafuta riziki kwenye kuta, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye Kamongo halisi, wa tope, ameona ampe. Joash akasema hapana, hatakubali bila mimi. Kuta mbili zake, mbili zangu, na makengeza nichore mimi kwa sababu yeye hawezi. Akaniomba kifutio.

Watoto wamejaa dirishani wakipiga kelele. Ema alikuwa mbele. Nilinyoosha shati. Akapaza sauti kumwita Mjomba Joash.

Mjomba.

Jumanne, 3 Septemba

Nimefikiri sana. Jana nilipewa kuta mbili, nikaangaliwa na Filister kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili kama mtu ambaye bado ana matumaini. Amesema hatamwambia Joash lolote, mradi niende kazini na nitulie. Nimeahidi.

Lakini leo Joash amemaliza ukuta wake kabla yangu, na Madam Gesare amesimama kuutazama kwa muda mrefu zaidi. Nimepima kwa saa. Dakika sita wake, mbili wangu.

Basi wakati wa chakula cha mchana nimekaa nyuma ya tangi la maji na karatasi. Kwa Afisa wa Elimu. Sisi, Umoja wa Wazazi Wapenda Macho, tumesikitishwa kuona mchoraji mgeni akiwafunza watoto wetu makengeza. Wanachama kumi na wanane. Chama kimekua.

Ema amenikuta hapo. Ameuliza naandika nini. Nimemwambia ni mazoezi ya herufi. Amechungulia, akasema zimetoka nzuri, ila K zangu leo zimekatwa mkia.

Nimemwambia kwamba mtu hujifunza.