Mapenzi Bila Nyoka Hayauziki

Jumatatu, 3 Juni
Jioni barazani kwa Eno Pokuaa, mjane anayeuza fufu, ugali wetu wa kutwanga. Katuwekea filamu ya mapenzi. Mume kaachwa, kasimama mvuani wimbo mzima! Nikasema kwa sauti: mjinga, atapata kichomi. Na yule anayetongozwa na jirani filamu nzima, mlango hana? Afunge! Watu wakacheka. Mtaa wetu wa Suame wote, bingwa wa mapenzi ni mimi. Mabango ya filamu nimechora miaka thelathini, nyingi hata sijaziona. Shule sikukanyaga. Herufi nilizijua kwa kunakili majina ya filamu.

Eno tu hakucheka. Anamtazama Badu, fundi cherehani mstaafu, anayelia kama bomba bovu. Kampa leso. Leso yake mwenyewe! Mimi miaka miwili nakula fufu pale, hata kijiti cha meno sijaongezewa.

Jumanne, 4 Juni
Msiba. Badu kanunua chupa ya pombe kali ya kubishia hodi. Jumapili anakwenda kumposa Eno kwa ukoo wake. Anajitapa ati wanawake wa siku hizi wanataka mwanamume mwenye machozi.
Machozi? Nitamletea mafuriko.

Jumatano, 5 Juni
Kitunguu ndani ya leso. Nikasugua macho mapema, nisichelewe. Kumbe leo ni kichekesho! Mchungaji anakimbizwa na bata mzinga, baraza zima hoi kwa kicheko, mimi nalia kama nimefiwa. Badu kaniuliza kwa upole wa kinafiki: pole, kaka Brashi, huyo bata mlikuwa mnahusiana vipi? Eno kacheka mpaka kashika nguzo. Halafu kaniletea maji ya kunawa uso.
Maji ni mwanzo.

Alhamisi, 6 Juni
Dada yangu Dufie kaja kunisema. Ati mwanamke haposwi kwa kitunguu, anaposwa kwa watu. Twende na mjomba, na chupa, tuseme shida yetu. Nikamwambia yeye hajui filamu. Filamu bila bango nani ataijua?

Nimechora mchana kutwa. Eno katikati, shingo ya twiga. Mimi pembeni, miaka thelathini na misuli. Nikaona pamepoa. Nikatia nyoka. Nyoka akataka panga. Badu nikampa pembe, mbili tu, sina roho mbaya.

Ijumaa, 7 Juni
Nimelitundika njia panda. PENZI LA ENO! KESHO MCHANA BARAZANI! Akili hii nikifa nayo, hasara kwa taifa.

Jumamosi, 8 Juni
Balaa! Watu wamefurika, wanadai filamu yao. Wanataka nyoka. Eno katoka na mchi wa fufu mkononi. Kaniuliza: wee mzee, nyoka wangu yuko wapi? Nikasema kweli, mara ya kwanza tangu nibatizwe: filamu haipo, Eno. Nipo mimi tu. Nataka kukuoa, naogopa Badu ataniwahi.

Mara bibi mmoja nyuma akapaza sauti: sasa hii ndiyo filamu, kaeni mle! Wakakaa. Wakala. Sufuria zote zikabaki nyeupe. Na Badu? Mstari wa mbele, analia, ati imemgusa. Na pembe nilizomchorea!

Walipotawanyika, Eno akasugua sufuria bila kunitazama. Kasema yeye alishamkataa Badu tangu juzi, marehemu mumewe naye alikuwa wa kulialia, nyumba yake imeshapata unyevu wa kutosha. Anataka wa kumchekesha. Kesho nije na dada na mjomba na chupa, kama watu. Rangi niiache nyumbani. Kitunguu pia.

Nimerudi kwangu najigonga kwenye mageti ya watu kwa furaha.

Jumapili, 9 Juni
Dufie tayari. Mjomba kajifunga shuka lake la sherehe begani, chupa kaikumbatia kama mjukuu. Ukoo unatungoja saa nne. Watamuuliza Eno mara tatu mbele ya watu: chupa hii tuipokee? Dufie anasema atajibu ndiyo mara zote, nitulie, ninyamaze, mjomba ndiye msemaji.

Ninyamaze! Filamu zote nilizochora, mwanamke hubadili mawazo kwenye swali la tatu. Mimi nitakutwa nimelala?

Kitunguu kipo mfukoni. Bango jipya nimelikunja ndani ya shuka langu jeupe nililojifunga, rangi haijakauka bado. Nyoka wawili.