Daktari wa Meno Kisimani

Jumanne, 9 Machi 1993

Nimempigia tena Hyeryeon baada ya kazi. Kelele tena! Simu yake inapokelewa vizuri, halafu inatoka sauti kama nguruwe aliyebanwa na mlango. Wiki nzima ni hivyo. Binti yangu wa pekee amenunua kitu cha kuniumiza masikio.

Leo sikukata. Nimesema yote juu ya kelele zilezile. Kwamba nilikwenda kwenye duka la kompyuta anakofanya kazi nikijifanya mkurugenzi wa kampuni ya uduvi kwa sababu nilitaka kuona bosi wake anamtendeaje, basi. Kwamba sikujua wangeanza kuzifunga zile kompyuta kumi nilizoagiza kwenye maboksi. Kwamba nampenda. Nimelia kidogo. Simu imekatika yenyewe.

Nyuma yangu alikuwa amesimama Mama Go, mwenye nyumba, ana sufuria mkononi. Amesema tangu azaliwe hajaona mwanamume anayelilia filimbi.

Nina makubwa zaidi. Dada yangu aliyebaki kwetu Haenam ananiambia Hyeryeon anaolewa. Familia mbili zinakutana kwa chakula Jumapili ya tarehe ishirini na moja, hapahapa Seoul, na kwenye kiti cha baba atakaa mdogo wangu Pansik, muuza mbolea. Pansik! Anayekunywa supu ukamsikia nyumba ya tatu! Hyeryeon kasema baba yake atakuja siku atakayojua kuja kama yeye mwenyewe.

Mimi nachimba njia ya treni chini ya mji huu. Naingia jua halijatoka, natoka limezama. Sidai mengi. Lakini kiti kile ni changu.

Jumatano, 10 Machi

Nimemweleza Chilbok, mchomelea vyuma tunayelala naye chumba kimoja. Aliomba nimpe namba. Akaitazama, akaitambua. Akaanza kucheka hadi akalala sakafuni. "Kaka Pandol, hayo si matusi! Hiyo ni modemu, kompyuta inaongea kwa simu! Umeiomba radhi modemu!"

Chilbok ana kompyuta aliyoinunua kwa mtu. Kwa hiyo anajiona mwanasayansi. Amevuta waya kutoka simu ya Mama Go ukumbini, akaupitisha dirishani, akachapa namba ya binti yangu. Nguruwe akalia. Chilbok akatabasamu kama mtu anayesikiliza muziki. Halafu kwenye skrini kikajichora kisima, chote kwa herufi na nukta, na juu yake maneno: KARIBU KISIMANI. NDOO NI MOJA, NGOJA ZAMU.

Kumbe ni ubao wa matangazo, ila unauingia kwa simu. Kompyuta ya Hyeryeon imekaa chumbani kwake, imefungwa kwenye laini. Watu wanaipigia mmoja mmoja. Unasoma waliyoacha wenzako, unaacha ya kwako, unakata, anaingia mwingine. Wawili hawaingii. Ukikuta mtu ndani unapiga tena na tena, kama foleni ya choo cha hapa kwetu asubuhi. Kila mgeni nusu saa, ikiisha unatolewa hata uwe waziri. Na Hyeryeon, mwenye Kisima, ndiye anayefungua mlango na kufukuza wakorofi.

Halafu Chilbok akasema neno ambalo limeninyima usingizi. Humo ndani hakuna anayetumia jina lake. Kila mtu anajipa jina la kubuni.

Hakuna anayetumia jina lake!

Ijumaa, 12 Machi

Mpango uko tayari. Nitaingia kama mtu mwingine, mtu wa maana. Nitapata heshima yake. Kisha, kwa sauti ya mtu wa maana, nitamshauri amwite baba yake. Hawezi kukataa ushauri wa daktari.

Kwa nini daktari wa meno? Kwa sababu wa tumbo wanaulizwa mengi.

Jina langu: Jino Jeupe. Neno la siri: pansikmlafi.

Mgeni lazima ajitambulishe kwa wote kabla ya kuruhusiwa vyumba vingine. Nachapa kwa kidole kimoja, kile kisicho na kovu. Nilipofika "Hamjambo nyote, mimi ni daktari wa m", skrini ikajaa takataka kama mchele uliomwagika, na kila kitu kikafa. Mama Go alikuwa ameinua simu ampigie dada yake wa Busan. Ameipigia kelele simu, amenipigia kelele mimi, amesema kuna mbuzi anachinjwa ndani ya waya.

Ukiinua simu ya nyumba, modemu inakufa. Chilbok anasema alishaniambia. Huenda. Nilikuwa nakula.

Jumamosi, 13 Machi

Nimeufunga mkono wa simu kwa utepe mweusi wa umeme. Mama Go ameukata kwa mkasi wa kukatia nyama. Sasa nadaiwa radhi na utepe.

Lakini nimegundua udhaifu wake! Tamthilia ya saa mbili. Inapoanza, hata nyumba ikiungua hainuki. Nimeingia Kisimani wimbo wa mwanzo ulipoanza. Nimejitambulisha. Miaka hamsini na miwili, mjane, nina kliniki yenye viti vitatu vya ngozi. Viti vinne ningeonekana najisifu.

Jumatatu, 15 Machi

Balaa! Kisima kizima kinaumwa meno!

Nimekuta ujumbe kumi na mmoja. Mtu anayejiita Paka Mvivu anatokwa damu anapopiga mswaki. Mwingine mtoto wake kameza jino. Anayejiita Kifaranga ana gego la chini kushoto, linampiga usiku, na anaogopa koleo kuliko kifo. Wote nimewajibu: sukutua maji ya chumvi. Kifaranga nimemwongezea: aende akaling'oe, aache uoga, mwanamume mzima.

Paka Mvivu ameshukuru. Halafu kauliza mbona daktari anaandika kama mtu wa Haenam. Nimejibu nina wagonjwa wengi wa Haenam, lahaja inaambukiza.

Chilbok anasema nina kipaji cha uongo kama wengine walivyo na sauti ya kuimba. Ni sifa, nadhani.

Jumanne, 16 Machi

Amezungumza nami! Hyeryeon!

Nilikuwa nasoma, mara skrini ikagawanyika na maneno yakaanza kutoka yenyewe, herufi moja moja: Habari za jioni, Daktari. Ni mwenye Kisima. Chilbok kasema mwenye ubao anaweza kukuingilia wakati wowote mkaongea hapohapo.

Miezi mitano sijasikia neno lake. Nikachapa: Hyeryeon mwanangu ni mimi baba yako. Nikashtuka. Nikafuta yote. Nikachapa: Ulikula leo, umekonda? Nikafuta, daktari hajawahi kumwona. Nikachapa: Nisamehe ile siku ya uduvi. Nikafuta upesi. Mwishowe nikaandika kwa utulivu: Salama. Mimi ni daktari wa meno.

Herufi zake zikakwama. Nikadhani Mama Go kainua simu. Kisha akaandika kwamba amefurahi sana kumfahamu daktari. Akauliza kikohozi changu cha baridi kikoje. Swali la ajabu kwa daktari wa meno! Nikajibu ni nafuu, ni vumbi tu. Akauliza meno yana vumbi? Nikamwambia jingi, ukiyakata.

Akauliza nakula nini jioni. Nikasema nyama ya ng'ombe, ya kuchoma. Nikafuta. Nikaandika samaki ghali. Nikafuta. Tulikula tambi za pakiti. Nikaacha "chakula cha kawaida".

Akaniambia nivae kitu cha pamba mdomoni kazini. Nikasema madaktari wote tunavaa. Nusu saa ikaisha, akaniongezea nyingine. Haongezewi mtu! Heshima yangu inapanda.

Jumatano, 17 Machi

Chilbok alisimama nyuma yangu wakati naongea na Hyeryeon. Mara akapaliwa na mate. Akanivuta shati. Akaniuliza kwa mnong'ono kama najua kwamba katika mazungumzo ya namna hii Hyeryeon anaona kila herufi inapogongwa. "Na unapofuta, kaka, anakuona unafuta. Amesoma yote!"

Nimemwambia aende akachomelee vyuma. Kilichofutwa kimefutwa. Nimekifuta kwa kidole changu mwenyewe, nimekiona kinaondoka. Kingekuwa kimekwenda kwake, kingerudije nyuma kwangu?

Chilbok akashika kichwa. Wivu. Ana kompyuta mwaka mzima na hajawahi kuongezewa nusu saa popote.

Alhamisi, 18 Machi

Leo nimefyatua risasi. Jumapili imekaribia, siwezi kungoja.

Nikamwandikia kwamba nimesikia, kwa njia za kitabibu, kuwa yuko karibu kukutana na wakwe. Kwamba uzoefu wangu wa miaka mingi wa vinywa vya watu unaonyesha binti akiolewa baba hayupo, meno ya wajukuu hutoka vibaya. Kwamba ami muuza mbolea si badala. Nikachapa: Niite mwanangu, nitakaa kimya, nitakaa hata mlangoni. Nikafuta. Nikachapa: Mwite baba yako, huo ndio ushauri wangu kama daktari.

Tamthilia ya Mama Go ilikuwa inaishia, nilisikia waigizaji wanalia ndani. Nikaanza kuomba walie zaidi.

Kisha herufi zikaja polepole. Alisema hajawahi kupata daktari kama mimi. Alisema kama ninamfahamu mtu wa namna hiyo, nimpelekee habari: Jumapili saa saba mchana, mgahawa wa supu ya mifupa karibu na stesheni ya Mapo. Ami atakaa kiti cha pembeni. Aje na jaketi lake la kazini kama hana jingine. Asiazime suti. Asiazime cheo. Akiulizwa anafanya kazi gani, ajibu.

Nikaandika nitajitahidi kumtafuta.

Akaandika: Mwambie nimemkumbuka.

Hapo Mama Go akainua simu. Mara ya kwanza nimemshukuru, maana nisingejua nichape nini.

Maskini binti yangu, jinsi anavyowaamini watu asiowajua! Hilo itabidi nimkanye siku moja.

Jumapili, 21 Machi

Nimekaa kwenye kiti changu!

Jaketi la kazini, Mama Go amelipiga pasi bila kuombwa. Hyeryeon alikuwa mlangoni. Amekonda kweli. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, kama anatafuta kitu nilichokificha. Akasema, "Baba, umekuja." Nikasema nimekuja. Akanishika mkono, ule wenye makovu, akaniingiza ndani.

Mama wa bwana harusi, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo, aliniuliza kazi yangu. Nilihisi mkurugenzi wa uduvi ananipanda kooni. Nikammeza. Nikasema nachimba njia ya treni. Akasema kumbe atakuwa anapita kwenye kazi yangu akienda sokoni! Akanimiminia kinywaji kwa mikono miwili. Pansik alinyamaza kwenye kiti cha pembeni. Supu yake haikunyamaza.

Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka zilipoletwa mbavu. Kijana mwenyewe, Ingyu, mrefu, mtaratibu, nilimwona anatafunia upande wa kulia tu, macho yanamtoka machozi. Gego la kushoto! Nikasema kabla sijafikiri, "Wewe bado hujaling'oa hilo gego?"

Ingyu akaweka kijiko chini. Mama yake akauliza gego gani. Hyeryeon akageukia ukuta, mabega yanatikisika, nikadhani analia kwa aibu. Kumbe anacheka! Alicheka hadi akafuta macho kwa kitambaa cha meza.

Nikajiokoa papo hapo. Nikasema sisi wachimbaji tunazoea kutazama mashimo. Ingyu akainamisha kichwa kwa heshima nyingi, akasema atakwenda kesho, Baba. Baba!

Kwenye kituo cha basi Hyeryeon alinifunga vifungo vya jaketi kama mtoto. Akaniuliza kama kuna kitu nataka kumwambia. Nikafikiri sana. Nikasema hapana, labda anisalimie yule daktari, naona ni mtu mwema. Akasema atamsalimia. Akaniambia hana wasiwasi naye, yule daktari ni kama mzazi kwake sasa.

Siri imesalimika yote. Hakuna aliyeshuku lolote.

Jumatano, 24 Machi

Nimewaza njia nzima chini ya ardhi. Harusi ni Mei. Je, yule mama mkwe alinipenda kweli au ni adabu tu? Daktari hawezi kuuliza, ni mwanamume. Lakini mwanamke mwenzake, mtu mzima...

Jioni tamthilia ilipoanza nilijisajili upya. Jina: Bibi Waridi. Miaka sitini, mjane, mtaalamu wa kabichi ya kuchachusha. Chilbok ameomba asitajwe popote katika jambo hili.

Sikuwa nimemaliza kujitambulisha, skrini ikagawanyika. Hyeryeon! Alimkaribisha Bibi kwa furaha kubwa. Akauliza kikohozi. Nikasema wanawake wa rika langu tunakohoa. Akamweleza kwamba ana bahati, kwani humu Kisimani yumo daktari wa meno, mjane, mpweke, moyo mzuri, anaandika Kihaenam kama yeye. Wangefaana. Basi amekwisha kupanga: Jumapili hii saa tisa, hoteli ya chai ya Mapo, Bibi na Daktari waonane, na yeye na Ingyu watakuja kushuhudia.

Nikajibu Bibi atakuja. Ningejibu nini? Bibi mwenye heshima hakatai mwaliko.

Nimekokotoa. Daktari anaweza kufika saa tisa kamili na kuondoka haraka, ameitwa kliniki. Bibi anachelewa. Mama Go ana sketi ndefu ya kijani anayoianika Alhamisi.