Dak ya Bryson na Mchele wa Mama Bernadetha

Mtu wa kawaida akiona shida ya mwenzake huona shida. Bryson akiiona, huona chakula cha mchana.

Siku hiyo alikuwa ndani ya baa ya Mama Bernadetha, karibu na stendi ya Ifakara, akinywa soda ileile tangu asubuhi kwa nidhamu ya hali ya juu. Ng'ambo ya barabara, muziki wa baa ya Anold ulikuwa ukitikisa mabati. Wa Mama Bernadetha ulilia kama redio iliyofunikwa blanketi, na wateja walikuwa wakivuka barabara mmojammoja, wengine na chupa za Mama mkononi.

"Mwanangu Justin kaninunulia strima," Mama alilalamika. "Kijisanduku kinavuta nyimbo mtandaoni, nakiongoza kwa simu. Nanunua bando kila wiki, halafu kinakohoa!"

Bryson akanyoosha tai. Alikuwa na sababu. Wakwe zake watarajiwa wa Idete walitaka magunia matatu ya mchele safi kwa ajili ya sendofu ya kumuaga binti yao Aneth, la sivyo ndoa ingesubiri mavuno mengine, na kuna mwalimu mmoja kijijini aliyekuwa tayari kumliwaza Aneth akisubiri. Bryson alimpenda Aneth kweli. Ndicho kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho.

"Shikamoo mama. Mimi ni injinia wa sauti."

"Marahaba. Wa wapi?"

"Dar." Alizaliwa Kidatu, kwenye kota za wakata miwa, ila Dar aliwahi kupita. "Mama, muziki wa mtandaoni unakuja kwa namba. Moja, sifuri, moja, sifuri. Amplifaya yako haijui hesabu, inajua umeme tu. Lazima katikati akae mkalimani wa kugeuza namba ziwe umeme. Mafundi tunamwita dak."

"Na strima yangu haina?"

"Inayo, ya ndani. Ndogo kama mbu."

Mpaka hapo hakuwa amesema uongo hata mmoja, ukiacha Dar. Tapeli mzuri hutanguliza ukweli kama watu wengine wanavyotanguliza nauli. Ambacho hakusema ni kwamba alishachungulia simu ya Mama: sauti ya strima ilikuwa imeshushwa hadi nusu.

Kesho yake alileta dak mbili, nyeusi na ya rangi ya fedha. Zote zilikuwa vyombo vya bati vya kubebea chakula. Ndani kulikuwa na jiwe la Mto Lumemo, maana binadamu haamini kitu chepesi, na betri ya kuwasha kitaa cha bluu. Waya mwekundu uliingia huku ukatokea kule, na mweupe hivyohivyo, bila kusumbuliwa na mtu.

"Kuchagua dak ni kwa masikio, siyo kwa macho," alisema, akichomeka ile nyeusi kati ya strima na amplifaya. "Hii ni ya watu wa kawaida."

Muziki ukaendelea kukohoa.

"Sasa hii ya fedha. Mama, nipe simu niiunganishe." Akachomeka, na kidole gumba kikapandisha sauti hadi juu.

Baa ikatetemeka. "Besi naisikia kwenye meno!" mteja mmoja akapiga kelele.

"Nataka hiyo ya fedha," Mama akasema. "Ila hela sina. Nina mchele."

Bryson nusura amkumbatie. Lakini yeye si mjinga. Mjini mtu haamini gunia lililoshonwa. "Magunia matatu, mama. Na naomba bambo."

Akapewa kile chuma kifupi chenye mfereji, akachoma magunia juu, chini, kushoto, kulia. Kila mara kiganjani zilimwagika punje ndefu, nyeupe, zenye harufu ya kutia njaa. Mama alimtazama kwa upole, kama anayemtazama mtoto anayejifunga kamba za viatu.

Idete alipokelewa kwa vigelegele. Shangazi yake Aneth, Philomena, mkuu wa masufuria, hakugusa bambo. Alitandika turubai, akakata uzi, akapindua gunia la kwanza.

Ulitoka mchele. Kisha ukatoka mchanga, mwingi, wa kutosha kujengea choo.

"Mkwe," Philomena akauliza, "umetuletea chakula au kiwanja?"

"Shangazi, nilichoma bambo kila upande!"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakalia kuni. "Bambo! Jamani, kachoma bambo! Mkwe, watu wanasimamisha bomba katikati ya gunia, ndani mchanga, nje mchele, halafu wanachomoa bomba. Bambo lako linaishia kwenye mchele. Bonde hili gunia linamwagwa." Philomena akaacha kucheka. "Sendofu ni kesho. Mwalimu ameahidi magunia matano."

Bryson akapanda bodaboda hadi Ifakara, tai ikipepea. Kwa Mama Bernadetha muziki ulikuwa ukinguruma, na dak haikuwepo. Ilikuwa ng'ambo, juu ya kaunta ya Anold, ikiwaka bluu kwa majivuno.

"Mama, ule mchele una mchanga!"

"Na boksi lako lina jiwe," Mama akajibu bila kunyanyua macho. "Nililifungua ulipotoka tu. Nikalichomoa, muziki vilevile. Nikaangalia simu, nikacheka peke yangu."

"Lakini mchele ulinipa kabla hujalifungua!"

"Yale magunia ni ya wageni wanaoomba bambo. Anayesema nimwage, namuuzia mzuri."

"Na Anold?"

"Kanipa magunia manne. Anasema sasa anasikia hadi pumzi ya mwimbaji." Ndipo akamtazama. "Unataka matatu? Niachie ile nyeusi. Na mpaka masika utanitengenezea nyingine, baa baada ya baa, hadi Malinyi. Mawe utabeba mwenyewe. Na kesho nakuja kupiga muziki kwenye sendofu, watu waione dak."

Bryson akakubali. Mapenzi ni kitu kibaya sana kwa biashara.

Kesho yake, Idete, Philomena alimwaga magunia yote matatu. Mchele mtupu, mweupe, hadi punje ya mwisho. Vigelegele vikapaa. Aneth akatabasamu, na mwalimu akakumbuka kwamba ana madaftari ya kusahihisha.

Shangazi, moyo umemtulia, akasogea penye muziki. Akakinyanyua kile kiboksi cheusi chenye kitaa cha bluu.

"Na hiki kizito hivi kinafanya nini, mkwe?"

"Ni dak, shangazi. Ni… mkalimani."

Philomena akakitikisa. Kikagonga: ko, ko.

Mama Bernadetha akaanza kukunja waya wake taratibu.

"Aneth," shangazi akaita, bila kuondoa macho kwa mkwe, "hebu nirudishie lile turubai."