Boga la Siku ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Miezi minne tangu nimalize chuo cha filamu. Stashahada ukutani, mimi kitandani. Leo Baba kaingia na kutangaza: nisipopata kazi ya sinema kufikia Ijumaa, Jumamosi nakwenda mji wa Madurai kwa Shemeji Karuppaiah kuuza pampu za visima. Pampu! Mimi niliyetengeneza filamu ya dakika arobaini na moja kuhusu mlango! Mama kasema hata yeye alisinzia kabla haujafunguka. Haukufunguka, Mama. Ndiyo sanaa yenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Vadapalani, mtaa wa studio za sinema, kwenye kibanda cha chai cha wasaidizi wa waongozaji. Miwani ya jua, mswada wangu wa filamu kwapani, ili wakubwa wanione. Aliyeniona ni Yazhini tu. Huyu aliyefeli mtihani wa taa mara mbili chuoni! Sasa ndiye anayepiga kile kibao mbele ya kamera. Kazi ya chini kabisa, na mimi naililia. Nikamsifia viatu. Kaniambia, "Kaka Sengu, usinizunguke, sema shida." Nikasema. Kesho wanaanza kupiga filamu, kazi ya siku arobaini, nafasi imebaki moja: kumshikia mbuzi mwavuli asiungue jua kabla ya kuigiza. Nimekubali kwa heshima zote. Machozi yalinitoka kidogo tu.

Jumatano, 5 Machi

Nazi ikavunjwa kwa baraka, taa ya mafuta ikawashwa, kazi ikaanza. Nikampa mwongozaji, Bwana Nedumaran, ushauri wa mambo sita. Akauliza mbuzi yuko wapi. Alikuwa juani, anatafuna mswada wangu. Yazhini kacheka mpaka kibao kikamponyoka. Cheka tu, dada. Kibao hicho kitakuwa changu.

Alhamisi, 6 Machi

Mkosi mtupu! Taa imepasuka. Tukio moja limerudiwa mara kumi na saba. Mbuzi anaharisha. Mafundi wananong'ona kwamba kuna husuda, mwongozaji kashika kichwa. Hapo akili ikaniwaka! Shemeji huvunja boga mlangoni pa duka kila mwezi, usiku wa giza, kufukuza jicho baya, na pampu zinatoka kweli kweli. Mwavuli nikaufunga kwenye pembe za mbuzi, mbio sokoni. Boga la kilo nane, unga mwekundu, kafuri inawaka juu. Nikalizungusha mara tatu mbele ya kamera. Paa!

Makofi! Mafundi taa wanakumbatiana. Nikainama kupokea shukrani. Nilipoinuka, walikuwa wanakunja nyaya.

Yazhini kanijia mbio. "Kaka, umefanya nini? Hapa boga huvunjwa mara moja tu, filamu ikiisha!" Bwana Nedumaran akawapigia kelele warudi. Mzee Arokiasamy, mkuu wa mafundi taa, akamjibu kwa upole kwamba boga likishavunjwa yeye hawashi hata kibiriti. Kuanza upya kunataka nazi mpya na siku njema. Mnajimu kapigiwa simu: siku njema iko wiki tano mbele. Wakati huo mwigizaji wetu mkuu atakuwa kwenye filamu nyingine. Basi, hakuna filamu. Mwongozaji kauliza nani kalivunja. Wote wakaninyooshea kidole. Hata mbuzi kanitazama.

Yazhini naye hana kazi sasa. Kaangua kilio, na mimi imeniuma, kwani ndiye aliyenishika mkono. Nikampa kipande cha boga akapike. Kanirushia.

Jumamosi, 8 Machi

Basi la Madurai, begi miguuni. Baba kanisindikiza mpaka kituoni, ahakikishe nimepanda. Sijakata tamaa. Nimeandika wasifu wangu upya: "Alikamilisha filamu ya siku arobaini kwa siku mbili."

Sasa hivi Shemeji kapiga simu. Kuna watu wanapiga picha za sinema nyuma ya duka lake, wiki ya kwanza, na tangu asubuhi mambo hayaendi. Nilijua tu, bahati yangu haijalala! Nimemwambia awaambie wasihangaike, mtaalamu yuko njiani. Na aninunulie boga. Kubwa.