Mzabibu wa Penzi Letu

Jumatatu, 3 Machi
Mwezi mmoja wa ndoa, na bado nikimwona mume wangu nasahau chungu jikoni! Ila leo mama mkwe, mwenye nyumba hii, katangaza: Jumamosi mzabibu wa uani unakatwa, aweke tangi la maji. Mzabibu ule! Chini yake ndipo mpenzi aliponiomba nimkubali. Nikachuma zabibu moja nikilia, nikaipasua. Ndani nyekundu! Zabibu nilizowahi kula zote ni nyeupe ndani. Nimegundua aina mpya! Nitaipa jina la mume wangu. Nani atathubutu kuikata?

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea bwana shamba. Kacheka mpaka kofia ikaanguka. Eti inaitwa Saperavi, ni ya divai nyekundu, na iligunduliwa kabla babu yangu hajazaliwa. Huku kwetu tu ndiko haifahamiki. Nimelia njia nzima. Halafu nikawaza: divai! Mama mkwe akionja, ataukumbatia mti.

Jumatano, 5 Machi
Mume wangu ni mwoka mikate. Kazikanda zabibu kama unga, mikono ile! Tukachuja kwa shela langu la harusi. Nikajaza chupa, nikaziba kwa nguvu zangu zote, harufu tamu isipotee. Mikono yetu imekuwa myekundu hadi viwiko. Sabuni imeshindwa. Ndimu imeshindwa.

Ijumaa, 7 Machi
Maafa! Mpenzi karudishwa nyumbani na bosi wake. Wateja wameuliza kamchinja nani, na hawagusi mkate mpaka mikono itakate. Tulikuwa tunabembelezana uani, chupa zikaanza kulipuka. Zote! Mashuka meupe ya mama mkwe yalikuwa kwenye kamba. Yalikuwa meupe.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kaja na fundi mwenye shoka. Kayatazama mashuka, kaitazama mikono yetu, kauliza: bibi harusi, mmeoana au mmechinjana? Nikamweleza habari za Saperavi. Akasema hata ungekuwa na jina la malaika, kata. Mapigo machache tu, chini. Mume wangu kanishika, machozi yakimtoka. Sijawahi kuumia hivi.

Jumapili, 9 Machi, alfajiri
Sijalala. Ila nimeyaangalia tena yale mashuka: rangi ile, jamani! Haitoki hata kwa jiki! Divai ya nini? Hii ni biashara ya kutia nguo rangi! Vichala nimeviokota vyote, nimevikamua ndooni. Mama mkwe bado amelala, na gauni lake jeupe la kanisani nimeshalichovya. Atafurahi huyo!